Wazee wa kikundi changu wanakonda na mfadhili ameondoka: nifanye nini?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha hesabu shule ya msingi, sasa nina miaka 63 na naishi Ilemela, si mbali na ziwa. Wazee wa mtaa wetu walinichagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha lishe na afya. Tunakutana kila Jumamosi nyuma ya ofisi ya mtaa: tunakunywa uji wa lishe, tunanyoosha viungo, na muuguzi wa zahanati akipata nafasi anatupima presha. Tulianza wazee 40, sasa tunafika 15 au 16. Mfadhili aliyekuwa anatununulia unga ameshaondoka. Na hawa wanaokuja naona wanakonda. Wajumbe wangu wengine wanasema kukonda ni uzee tu, tusijisumbue. Wengine wanataka tumkubali kijana mmoja anayeuza makopo ya unga wa virutubisho. Ameahidi kikundi kitapata kamisheni kwa kila kopo. Wanaume walishaacha kuja kabisa. Nimeanza kujiuliza kama nafaa. Je, nimwachie uongozi mtu mwenye taaluma ya afya? Na hela ya uji nitaitoa wapi?"

Shikamoo Mwalimu.

Umeuliza kuhusu hela ya uji mwishoni, nami nitaijibu karibu na mwisho, kwa sababu nadhani uji unakuumiza kichwa kuliko unavyostahili. Naanza na kukonda. Hapo wajumbe wako wamekosea, na ni kosa linalozika wazee wengi kabla ya siku zao.

Kukonda si sehemu ya kuzeeka ambayo mtu anapaswa kuikubali akae kimya. Ni kweli mwili huanza kupoteza misuli taratibu tangu umri wa kati, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Lakini misuli hiyo ndiyo inayomnyanyua mtu kitini, ndiyo inayomdaka asianguke akijikwaa kwenye mawe yetu ya Mwanza, na ndiyo akiba mwili unayoitafuna homa inapomkata mtu hamu ya kula. Mzee aliyekonda akiugua malaria wiki moja tu anaweza asisimame tena. Aliyekuwa na nyama mwilini anaamka.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Kijana akila kipande cha samaki, misuli yake inakipokea na kujijenga haraka. Mzee akila kipande kilekile, misuli yake inaitika kivivu. Maana yake ni kwamba mzee anahitaji protini nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, na sisi majumbani tunafanya kinyume: tunampunguzia, tukisema mzee hahitaji kula sana, mpe uji, mpe mchuzi, nyama itamsumbua tumbo.

Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mzee ambaye hana ugonjwa mkubwa wa figo. Hapa hesabu zako zitatufaa. Chukua bibi wa kilo 50: anahitaji gramu 50 hadi 60. Asubuhi amekunywa chai ya rangi na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mchana ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, na mlenda. Usiku ugali tena na mchuzi wa sato, ila mnofu wamegawiwa wajukuu, yeye kabaki na kichwa. Unga wa muhogo una gramu 1 au 2 tu za protini katika kila gramu 100. Mchuzi wenyewe hauna cha kuhesabu. Jumlisha siku nzima, bibi huyu hafiki hata nusu ya anachohitaji, na usiku analala ameshiba. Ndiyo maana ukimuuliza "umekula?" atakujibu nimekula, nashukuru, na hatakuwa amekudanganya.

Kwa bahati njema sisi tunaishi palepale chakula kilipo. Dagaa wakavu, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Gramu 30, yaani konzi moja nzuri, zinampa mzee gramu 15 au zaidi, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, madini ya kuimarisha mifupa yake yamo humohumo. Asiye na meno, dagaa wake wakaangwe bila mafuta mengi, watolewe vichwa vichungu, watwangwe, kisha unga wake unyunyizwe kwenye mlenda au nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Nunueni wale walioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani wana mchanga unaomaliza meno machache yaliyobaki. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa au mtindi gramu 8, kikombe cha maharage au choroko zilizoiva gramu 14 hivi. Karanga za kusaga kwenye mboga za majani nazo zinaongeza. Kitu kimoja tu kati ya hivi katika kila mlo, asubuhi ikiwemo, na bibi yetu atausogelea sana mstari au kuuvuka. Mkitumia kayabo, yaani samaki wa chumvi, ilowekwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja, maana chumvi yake ni mzigo kwa mtu mwenye presha.

Na maji. Kiu inapungua na umri, halafu wazee wengi wanajinyima maji makusudi kwa sababu ya kuamka usiku kwenda chooni, hasa choo kikiwa nje. Mzee aliyepungukiwa maji anaonekana amechanganyikiwa, watu wanadhani ni akili za uzee. Anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze jioni, na maji ya ziwa yachemshwe kwanza.

Lakini si kila kukonda ni cha sahani. Kifua kikuu, kisukari, virusi vya Ukimwi, saratani, minyoo, kichocho cha muda mrefu kwa waliovua au kulima kando ya ziwa, jino linalouma, dawa inayokata hamu ya kula, na huzuni ya kufiwa: vyote hivi vinamkondesha mtu. Wala msidhani kifua kikuu na virusi ni vya vijana tu. Kipimo kizuri kwako ni hiki: mzee aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita bila kukusudia, aende zahanati kabla hujamwongezea chochote kwenye sahani. Kwa wa kilo 50 ni kilo 2 na nusu. Mkikosa mizani, tazameni nguo. Mkanda umeingia tundu mpya, bangili inashuka hadi vidoleni, pete imefungwa uzi isidondoke.

Sasa huo uji. Wiki ina milo 21. Uji wenu ni mmoja. Hata ungekuwa mzuri kiasi gani, hauwezi kubeba ile milo 20 mingine. Marekani wana mpango wa serikali wa chakula cha wazee ulioanza kwa sheria ya mwaka 1972. Wazee hula pamoja kwenye vituo, na wasioweza kutoka hupelekewa nyumbani. Huko, pamoja na bajeti yote hiyo, sheria inataka mlo mmoja ubebe angalau theluthi ya mahitaji ya siku, wala haidai kwamba mlo huo unamlisha mzee wiki nzima. Wewe na sufuria yako ya Jumamosi usijibebeshe mzigo ambao hata wao hawajaubeba.

Tena unga wenyewe unanipa wasiwasi. Ule wa kuchanganya mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na kila nafaka iliyopo sokoni, ukasagwa pamoja na kuwekwa ndooni miezi miwili, unaharibika haraka kwa sababu ya mafuta ya karanga na soya. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka moja au mbili zinatosha, mbegu zichambuliwe kwa mkono, zilizokunjamana na zenye rangi ya ajabu zitupwe, karanga zisagwe za wiki ile tu.

Kuna jambo ambalo naamini umeliona ila hukuliandika. Katika vikundi vya namna hii huwa yupo bibi anayekunywa uji nusu kikombe, halafu anageuka pembeni, anatoa kopo lenye mfuniko kwenye mkoba na kumimina uliobaki. Wengine wanaona aibu kwa niaba yake, wengine wanamsema kwamba anabeba. Yule anawalea wajukuu. Ukimkataza kubeba, Jumamosi ijayo hatakuja, na hao watoto hawatapata hata hiyo nusu. Mwache abebe. Kisha baada ya kikao kaa naye, umuulize nyumbani kuna watoto wangapi, nani anawasomesha, na kama kaya yake imo kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kule Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee lilijikita katika kuwapa fedha kidogo kila mwezi wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu, kwa sababu waliona huwezi kumlisha bibi huku ukiwasahau watoto wanaomzunguka. Hata bibi yako ukimpa mayai, atayala nani? Ndiyo maana nasisitiza dagaa na kunde zinazopikwa kwenye sufuria moja ya familia: zinawafikia wote.

Kuhusu makopo sitazunguka. Katae. Mengi ya unga huo ni soya au maziwa ya unga, sukari, ladha na vitamini kidogo, katika kopo zuri. Mzee anayeanza kuutumia huweza kuchangamka siku za kwanza kwa sababu amepata sukari na amepata mtu wa kumpigia simu kumuuliza hali yake. Hatari inakuja akiwa na kisukari, akiwa na figo dhaifu, au akiacha dawa zake za presha kwa kuambiwa kopo linatibu. Katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa bidhaa za aina hii zilizochanganywa dawa halisi bila kuandikwa kwenye lebo. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, hata ikiwepo, inahusu ubora wa bidhaa. Haisemi inatibu ugonjwa wowote. Fanya zoezi moja na wajumbe wako: waulize bei ya kopo moja, kisha mmoja wao aende Mwaloni Kirumba aulizie sado ya dagaa. Acha waweke hesabu ubaoni wenyewe.

Na hata kopo lingekuwa zuri, kamisheni ingelichafua. Siku kikundi kitakapoanza kupata hela kila mzee anaponunua, hutaweza tena kumwambia mzee yeyote "hiki hakikufai" na akakuamini. Wazee wanakusikiliza kwa sababu huna unachouza. Mwenyekiti akipoteza hilo hana kingine cha kuongozea.

Nikitazama shughuli zenu zote za Jumamosi, yenye thamani kubwa ni ile uliyoitaja kwa maneno mawili: kunyoosha viungo. Protini bila misuli kufanya kazi haijengi kama inavyopaswa. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kushika mizani ya mwili angalau siku 3 kwa wiki, pamoja na kutembea au kazi nyingine za kutoa jasho jepesi. Kuzungusha mikono hewani hakutoshi. Anzeni na kiti. Kiti imara, kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima, akae, mara 5 mfululizo, nawe uhesabu sekunde kwa simu. Anayezidi sekunde 15, au asiyeweza kabisa bila kujishika, miguu yake imepoteza nguvu. Huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza kwa chakula na kwa zoezi. Baada ya hapo zoezi lenyewe ni hilohilo la kipimo: kusimama na kukaa, mara 8 hadi 10, kupumzika, kurudia. Waongeze kusimama kwa vidole vya miguu huku wameshika ukuta, na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine. Wapange wawiliwawili kwa ujirani ili siku mbili nyingine wakafanye nyumbani. Pimeni tena kila baada ya miezi mitatu. Nakuhakikishia, mzee aliyetoka sekunde 19 hadi 14 atawasimulia watu hadi mnadani, na hakuna tangazo la kikundi litakaloshinda hilo.

Tahadhari chache. Presha ya 180 na zaidi juu, au 110 na zaidi chini, siku hiyo hafanyi zoezi, anaenda zahanati. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifanye zoezi akiwa na njaa. Akitetemeka na kutoka jasho jembamba apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe. Maumivu ya kifua, basi, zoezi limeishia hapo.

Nafika kwa wale 24 wasiokuja, na kwangu hapa ndipo uongozi wako ulipo. Daftari la mahudhurio kwa kawaida linaandikwa ili kuonyesha waliofika. Wewe ligeuze. Kila Jumamosi andika ambao hawakufika, na mbele ya kila jina sababu. Anayefika kwa miguu yake hadi ofisi ya mtaa ndiye mwenye nafuu. Aliyebaki nyumbani ndiye anayekonda zaidi, anaanguka zaidi, anakula peke yake. Programu nyingi za wazee hushindwa hapa: zinawahudumia vizuri sana wenye nguvu, kisha zinaandika ripoti nzuri.

Sababu utakazokuta hazitakuwa uvivu. Mmoja mkojo unamtoka na anaogopa kukaa mbele za watu. Mwingine mtoto wa jicho umeziba macho yote mawili na mlima wa kwenu una mawe. Mwingine anauguza. Mwingine hana gauni la kutokea. Na Kanda ya Ziwa, Mwalimu, wewe unajua kama mimi: kuna bibi wanaojificha ndani kwa sababu macho yao ni mekundu na watu wameanza kunong'ona kwamba ni wachawi. Macho hayo yamepikia kuni na samadi maisha yote, moshi umeyachoma. Bibi wa namna hiyo mfuate wewe mwenyewe, mtembee naye mchana kweupe, umpeleke kliniki ya macho, na akitishwa hata kwa neno moja mtendaji na polisi wajulishwe siku hiyohiyo. Kikundi kinachomkalisha bibi huyo katikati yake kinamlinda kuliko uji wowote.

Wanaume ni hadithi tofauti. Uji kwao ni wa watoto na wagonjwa, na mzee aliyekuwa na mtumbwi wake hataki kuonekana amepanga foleni ya kikombe. Usiwasubiri ofisini. Nenda na muuguzi pale wanapochezea bao au drafti, au mwaloni wanapokaa kuangalia vijana wakishusha dagaa, mkawapime presha palepale. Kisha waombe kazi. Mmoja atengeneze viti, mwingine awe wa kumleta jirani asiyeona, mwingine awasemeshe wavuvi ili kikundi kipate dagaa kwa bei ya mwaloni. Mwanaume mzee akipewa kazi anakuja. Akipewa huduma anasita.

Ukienda kwenye nyumba za wasiokuja, anayekujibu maswali mara nyingi si mzee, ni mkwe. Naye amechoka. Ana watoto, ana genge lake, na sasa mwenyekiti wa wazee amekuja kukagua sufuria. Usianze na lawama. Msifu kwa anachokifanya, msaidie kuchambua mboga kama yuko jikoni, kisha umwonyeshe jambo moja tu: unga wa dagaa kijiko kikubwa kwenye mboga ya bibi, au bibi apakuliwe mnofu kabla watoto hawajagawiwa. Jambo moja kwa ziara moja. Ukimwachia mashauri sita hatashika hata moja, na safari ijayo atakuona unakuja afunge mlango.

Kwa hiyo, je, umwachie mtu wa afya? Hapana. Mtu wa afya akiwa mwenyekiti, kikundi kinageuka kliniki, wazee wanakuwa wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Wewe unajua kufuatilia mahudhurio, kuhesabu, kusema na wazazi na kumtambua mtoto aliyekaa kimya nyuma ya darasa. Kazi ni hiyohiyo. Utaalamu wa afya uazime. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako awe mjumbe wa kamati. Yeye tayari anatembelea kaya. Afisa lishe wa halmashauri mwombe aje kukupitishia orodha ya vyakula na kuwafundisha wajumbe wako kupima, si lazima kila wiki. Programu nyingi za lishe nchini zimeelekezwa kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, na hao wanastahili. Wazee hawaonekani kwenye vitabu vya afisa huyo kwa sababu ni nadra mtu kuwapima na kupeleka namba. Namba zako za kiti na mizani zitakuwa kitu kipya mezani kwake.

Mtendaji wa mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata nao wana kazi yao. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Utashangaa ni wangapi kati ya 40 wenu hawana kitambulisho cha kuwapitisha kwenye dirisha la wazee. Hiyo ni kazi ya kamati kwa mwezi mmoja, na itawapa wazee kitu kinachoshikika zaidi ya uji. Tumieni pia baraza la wazee la mtaa na la kata, maana huko ndiko sauti yenu inakopandia.

Hela, basi. Watu watakushauri mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao. Mnaweza kupita kwa mlango wa wanawake au wa wenye ulemavu, lakini ule ni mkopo wa biashara, unarudishwa, na uji haurudishi hela. Bara hatuna pensheni ya wazee wote kama Zanzibar, ambako tangu 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi hulipwa kila mwezi, kwa hiyo michango mikubwa ya wanachama itawafukuza hao maskini uliokusudia kuwafikia. Nimepima njia tatu. Kuendelea na uji kila wiki kwa kuombaomba kutakuchosha na kutakufa mwaka huu. Kuufuta kabisa kutavunja kikao, kwa sababu watu wanakuja pia kula pamoja, na aliyefiwa anakula vizuri zaidi akiwa na wenzake. Mimi ningepika mara mbili kwa mwezi, chakula badala ya uji: makande yenye maharage mengi, au viazi na dagaa na mboga, kila mwenye uwezo akileta konzi ya alichonacho na asiye nacho akija mikono mitupu bila kuulizwa. Jumamosi nyingine iwe ya kiti, mizani na chai. Hesabu zisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, hata zikiwa ni shilingi elfu nne, na sanduku lishikwe na watu wawili wasiokaa nyumba moja.

Tafuta pia wa kukusaidia, ambaye ataweza kuendesha Jumamosi nzima bila wewe. Umri wa miaka 63 nao ni wa mzee, Mwalimu. Hicho kipimo cha kiti jipime na wewe.

Mambo yafuatayo usiyasubirishe hadi Jumamosi. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika ghafla: hospitali dakika hiyo. Mzee aliyeanguka na hawezi kukanyaga, aliyechanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, asiyekula wala kunywa kwa siku nzima, anayepaliwa kila akimeza, aliyevimba miguu na kukosa pumzi: hao nao ni wa siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki mbili, kupungua uzito kama nilivyoeleza, kinyesi cheusi au chenye damu, kukojoa damu, na huzuni inayomfanya mtu aseme amechoka kuishi: zahanati au kituo cha afya ndani ya wiki, na mtu wa kumsindikiza. Wao watampa rufaa ya hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na hospitali ya kanda ya Bugando ikibidi. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari kisichotulia asifuate hesabu zangu za protini kabla ya kuonana na daktari wake.

Jumamosi hii usinunue unga. Beba kiti, simu na daftari, wapime hao 15 au 16 watakaofika, kisha gawanyeni majina ya wasiofika kwa wajumbe, kila mmoja na nyumba zake za kutembelea kabla ya mwisho wa mwezi. Orodha ikikamilika mpe mtendaji nakala moja na afisa lishe nyingine, mapema, maana mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1 na mipango ya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo.